Klabu ya baiskeli nje ya shirikisho: Anayeumia ni nani?

Mwaka 2006 kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Salzburg, Austria, katika kitengo cha walio chini ya miaka 23. Miguu alikuwa nayo, na baiskeli alikuwa nayo. Alichokosa ni kuandikishwa, na katika mashindano hayo mwendeshaji hajiandikishi mwenyewe wala haandikishwi na klabu yake. Jina lake hupelekwa na shirikisho la taifa. Basi akaingia kwenye anwani ya barua pepe ya shirikisho la Kenya, akaandika kana kwamba yeye ndiye mkuu wake, akajiandikisha. Siku ya mbio za kushindana na saa, sekunde chache tu baada ya kuanza, akamgonga afisa wa mashindano, wakaanguka wote wawili. Kijana huyo ni Chris Froome. Mwaka 2013 alishinda Tour de France, ya kwanza kati ya nne alizotwaa, akiwa na leseni ya Uingereza aliyohamia mwaka 2008.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na Froome mwenyewe hakukificha. Lakini klabu ya mtaani inayojiuliza kama ijiunge na shirikisho au ijikalie kivyake ina sababu ya kukisoma upya. Kijana huyo alikuwa zao la klabu ndogo, Safari Simbaz ya David Kinjah, pale Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, ambako watoto hujifunza ufundi wa baiskeli sambamba na kuiendesha. Klabu ilimpa kila ilichokuwa nacho. Mlango wa mashindano ya dunia haukuwa wake kuufungua.

Mjadala huo una namna yake ya kuzaliwa. Alfajiri ya Jumamosi, kwenye barabara za mashamba ya chai ya Limuru na Tigoni, au kwenye mpando wa kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, utakutana na waendeshaji waliovalia jezi za rangi moja. Wengi walianza wakiwa marafiki wanaotaka kupunguza kitambi. Kundi likapata jina, jina likapata jezi, na jezi ikaleta mweka hazina na kundi la WhatsApp. Kisha siku moja akatokea kijana anayewaacha wote mlimani, na mtu akauliza: mbona huyu hashindani? Hapo ndipo habari ya shirikisho huingia kikaoni, na aghalabu hapo ndipo kikao hugawanyika.

Wanaokataa wana hoja

Hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni pesa. Kuna ada ya klabu, kuna ada ya leseni ya kila mwendeshaji, na kuna nauli ya mjumbe kwenda mkutano mkuu. Yote haya yanatoka kwenye mfuko unaojazwa na michango ya mwisho wa mwezi, ambayo nusu ya wanachama huilipa kwa kukumbushwa mara tatu.

Ya pili ni siasa. Mkenya anayefuatilia michezo ameona ya kutosha. Baada ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, maafisa walifikishwa mahakamani kuhusu fedha na vifaa vya wanamichezo. Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuingilia uongozi wa soka, na marufuku hiyo ikadumu hadi Novemba. Tusker walikuwa mabingwa wa ligi na hawakuwa na kosa, lakini wakaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwenye klabu ya baiskeli akiyatazama haya husema afadhali kula ugali wangu kimyakimya kuliko kukaribishwa kwenye karamu ya ugomvi.

Ya tatu ni uhuru. Kanuni za UCI, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani kutoka Aigle, Uswisi, humkataza mwenye leseni kushiriki mbio zisizo kwenye kalenda au zisizotambuliwa na shirikisho. Adhabu iliyoandikwa ni kufungiwa mwezi mmoja na kutozwa faini ya faranga 50 hadi 100 za Uswisi. Mwaka 2013 UCI ilipotaka kuishika kanuni hiyo kwa ukali, waendeshaji wa Marekani walipiga kelele, kwa kuwa mbio nyingi za kwao huandaliwa nje ya shirikisho, na utekelezaji ukaahirishwa. Kwetu, ambako mtu anaweza kushindana leo kwenye kombe la mbunge, kesho kwenye mbio za kuchangia shule na keshokutwa kwenye sikukuu ya Jamhuri, kanuni hiyo si ya mzaha. Shirikisho linaweza kuzitambua mbio hizo, lakini lazima mtu aliombe, na ombi hilo lina uzito likitoka kwa mwanachama.

Njia ya changarawe

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inatoka kwa watu waliojaribu na wakafaulu. Mwaka 2021 zilianza Migration Gravel Race huko Maasai Mara, mbio za siku 4 na takriban kilomita 650 za vumbi, mawe na mito. Waendeshaji wa Afrika Mashariki walijipima humo na wataalamu wa kulipwa kutoka Ulaya na Marekani. Kikosi cha Team Amani, nahodha wake akiwa Suleiman Kangangi, kikavuka bahari kwenda kushindana Marekani kwenye mbio za aina hiyo. Kule nyingi kati yake huendeshwa kama marathoni ya mjini: unajiandikisha mtandaoni, unalipa, unapewa namba. Hakuna anayeuliza rais wa shirikisho lenu ni nani. Kangangi alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mojawapo ya mbio hizo katika jimbo la Vermont, na wenzake wakaendelea na kazi aliyoianza.

Kwa hiyo si kweli kwamba nje ya shirikisho hakuna maisha. Yapo. Ila tuangalie yanampokea nani. Njia ya changarawe inataka mfadhili, viza, tiketi ya ndege na baiskeli inayoweza kustahimili mawe siku nzima. Inawabeba watu wazima wachache waliokwisha kuiva, na haina ngazi za kumpandisha mtoto wa miaka 15 mpaka afike huko. Haifiki Olimpiki, haifiki Mashindano ya Afrika, na haifiki mashindano ya dunia ya barabarani. Na hata changarawe yenyewe imeanza kuwekewa uzio. Mwaka 2022 UCI ilianzisha mashindano yake ya dunia ya mchezo huo katika jimbo la Veneto, Italia, na anayekwenda huko huulizwa leseni.

Oktoba 2024 Mashindano ya Afrika ya baiskeli za barabarani yalifanyika Eldoret. Fikiria kijana wa Uasin Gishu mwenye miguu ya kutosha na klabu iliyosusa. Bara zima lilikuja mpaka mlangoni kwake, naye akabaki kando ya barabara akipiga makofi.

Waasi wa Wolverhampton

Anayetaka mfano wa uasi uliofanikiwa ataupata Uingereza, na inafaa auchunguze mpaka mwisho wake. Huko chama cha taifa kiliundwa mwaka 1878, na baadaye kikaitwa National Cyclists' Union. Kwa kuogopa polisi na malalamiko ya watumiaji wengine wa barabara, chama hicho kilipiga marufuku mbio za kuanza pamoja kwenye barabara za umma. Waliotaka kushindana waliondoka alfajiri, mmoja mmoja, wamevaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, wakipita njia zilizotajwa kwa herufi na namba ili siri isivuje. Wafaransa walikuwa na Tour de France yao tangu mwaka 1903, wakiishangilia mchana kweupe. Waingereza walishindana kama watu wanaokwenda kuiba kuku.

Juni 7, 1942, wakati uhaba wa petroli wa vita umeyaondoa magari mengi barabarani, Percy Stallard aliandaa mbio kutoka Llangollen, Wales, hadi mjini kwao Wolverhampton, mwendo wa kilomita 95 hivi. Polisi waliridhia, na watu wakajaa kwenye mstari wa mwisho. Chama kikamfungia Stallard pamoja na walioshiriki. Kabla ya mwaka huo kwisha, waasi walikuwa na chama chao, British League of Racing Cyclists, na tangu hapo kila mwendeshaji akalazimika kuchagua upande.

Waasi walikuwa sahihi. Mwaka 1951 chama chao ndicho kilichosimamia Tour of Britain, na mbio walizofungiwa kwa ajili yake ndizo leo Waingereza hutoka majumbani kuzitazama. Lakini mgawanyiko haukuweza kudumu. Mwaka 1959 vyama hivyo viwili viliungana na kuwa British Cycling Federation. Stallard aliuona muungano huo kuwa usaliti. Wengine waliona kwamba hoja yao imekubaliwa, na kwamba mahali pa kuilinda sasa ni mezani.

Angalia kilichowapa ushindi. Walikuwa wengi, walikuwa na mbio zao, walikuwa na katiba yao, na walikuwa na jambo moja walilolitaka ambalo kila mtu alilielewa. Walijenga chama cha pili. Klabu moja ya mtaani inayokaa nje kwa sababu haiwapendi viongozi haijajenga kitu. Huo si uasi, ni utoro.

Asiyekuwapo na lake halipo

Shirikisho la michezo halishuki kutoka mbinguni. Ni mkutano wa vilabu, au wa matawi yanayoundwa na vilabu, wenye daftari la wanachama na sanduku la kura. Kiongozi asiyefaa hahitaji kupendwa na waendeshaji wote nchini. Anahitaji kupendwa na walio kwenye daftari. Kila klabu yenye msimamo inayojitoa inamrahisishia hesabu, kwa kuwa imemwondolea kura moja ya upinzani. Hapo ndipo methali ya wazee inapouma: asiyekuwapo na lake halipo.

Majirani zetu Wanyarwanda wametuonyesha upande wa pili. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikaingia kwenye kalenda ya UCI mwaka 2009, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya barabarani. Shirikisho lao, FERWACY, si la malaika. Mwishoni mwa mwaka 2019 rais wake na kamati yake walijiuzulu katikati ya tuhuma. Lakini vilabu havikutawanyika. Benediction, klabu iliyokulia Rubavu kando ya Ziwa Kivu, ilisajiliwa na UCI mwaka huohuo wa 2019 kama timu ya ngazi ya bara. Usajili wa aina hiyo hupita kwa shirikisho la taifa, na hakuna klabu inayoupata kwa kubisha hodi Aigle peke yake. Adrien Niyonshuti, aliyeibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, alitokea klabu ya Rwamagana. Vilabu vya miji midogo vilikaa ndani ya chombo chenye kasoro, vikakitumia.

Kwenye meza ya usajili

Ukitaka kuijua thamani ya leseni, fika mapema kwenye mbio rasmi uitazame meza ya usajili. Karani ana orodha iliyochapwa, boksi la pini na rundo la namba za kubandika mgongoni. Mwendeshaji anatoa leseni. Karani anasoma jina, klabu na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo ndio unaompeleka kundini mwake: wa miaka 17 na 18 wana mbio zao, na wa 19 hadi 22 huhesabiwa chini ya 23. Kando, afisa amechuchumaa anabana breki za baiskeli, anatikisa usukani, kisha anapitisha kidole kwenye ncha zake kuhakikisha zimezibwa, maana bomba lililo wazi likimchoma mtu anapoanguka hutoboa nyama. Asiye na kizibo anarudishwa, akitafute.

Kwenye leseni hiyo kuna namba ya utambulisho yenye tarakimu 11, inayomfuata mwenyewe mwaka hadi mwaka. Matokeo yake huandikwa kwenye namba hiyo, na kocha wa Ulaya au wa Afrika Kusini anayetafuta vipaji huanzia hapo. Kijana aliyeshinda mbio 20 za vijijini bila leseni, kwenye kumbukumbu hizo hajawahi kupanda baiskeli.

Kisha kuna bima. Kanuni za UCI zinataka mwenye leseni awe na kinga dhidi ya ajali na dhidi ya madai ya watu wengine. Mbio za baiskeli ni mchezo wa kuanguka. Kundi la watu 50 linateremka kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu moja linagusa jingine, na chini wako 10. Nani atalipa hospitali? Nani atalipa kioo cha gari la mpita njia? Klabu isiyo na jibu la maandishi huwa na jibu moja tu, nalo ni mchango wa M-Pesa kwenye kundi la WhatsApp.

Leseni ina mzigo wake pia. Mwenye nayo yuko chini ya sheria za dawa zilizopigwa marufuku, na anaweza kupimwa wakati wowote. Kenya ina chombo chake cha kazi hiyo, ADAK, tangu mwaka 2016. Mzazi anayemnunulia mtoto dawa ya mafua dukani lazima ajue kwamba baadhi ya dawa hizo zina viambato vinavyoweza kumletea kesi. Klabu inayojiunga bila kuwaeleza wazazi jambo hili inawaweka vijana wake hatarini.

Nani asijisumbue

Kuna klabu ambazo hazina haja ya haraka. Kama wanachama wote ni watu wa makamo wanaopanda baiskeli Jumamosi, wanakunywa chai Limuru na kurudi nyumbani kabla ya jua kali, leseni haitawaongezea kitu. Wanachohitaji ni kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo, kununua bima ya kundi kutoka kwa kampuni yoyote inayoaminika, na kukubaliana nani anatangulia na nani anafunga msafara. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inaitambua klabu ya michezo kuwa aina yake ya usajili, kando na vyama vya kaunti na mashirikisho ya taifa. Klabu inaweza kuwa halali mbele ya serikali kabla haijawa mwanachama wa shirikisho lolote.

Hali hubadilika anapoingia kijana mmoja anayetaka kushindana. Hasara ya kukaa nje huanza siku hiyo, na haimwangukii mwenyekiti anayechukia siasa. Yeye atapanda baiskeli yake Jumamosi ijayo kama kawaida. Inamwangukia mtoto wa miaka 17 ambaye ana miaka 2 tu ya kushindana na wenzake wa umri huo, na hatarudishiwa miaka hiyo. Ni rahisi mno kushika msimamo ambao gharama yake analipa mtu mwingine, tena aliye mdogo kwako na asiye na kura kikaoni.

Ingieni mkiwa na karatasi mkononi

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni kwamba klabu yenye kijana hata mmoja wa kushindana ijiunge. Isiingie kama mwombaji, bali kama mwanachama anayejua haki zake.

Ianze kwa kujisajili yenyewe kwa Msajili, iwe na katiba yake, akaunti yake ya benki na kumbukumbu zake za vikao. Klabu yenye hati haitikiswi kirahisi, na ikidhulumiwa ina mahali pa kwenda. Sheria hiyohiyo ya 2013 iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na mwenye stakabadhi ndiye anayesikilizwa humo. Kabla ya kulipa ada, katibu aandike barua kuomba vitu vinne: katiba ya shirikisho, hesabu zilizokaguliwa, kalenda ya mbio za mwaka na nakala ya hati ya bima. Nakala nzima, yenye majina ya wanaokingwa na kiasi cha juu cha malipo. Shirikisho linalotoa vitu hivyo bila kusukumwa limejibu nusu ya maswali. Linalovuta miguu nalo limejibu, na barua hiyo itakuwa na kazi yake siku ya mkutano mkuu.

Gharama zigawanywe kwa haki. Ada ya klabu ilipwe na wote, kwa kuwa kura ni ya wote. Leseni wachukue wanaoshindana peke yao, na wazee waliokwisha kustaafu milima wachangie leseni za vijana badala ya kununua jezi mpya kila msimu. Mjumbe wa mkutano mkuu achaguliwe kwa kura, apewe maagizo ya maandishi, na akirudi aeleze alipigia nini kura na kwa nini. Na kwa kuwa leseni hukoma Desemba 31, uanachama nao ujadiliwe upya kila mwisho wa mwaka. Kujiunga si ndoa ya kanisani. Klabu ikiona haifaidiki miaka miwili mfululizo, itajua la kufanya, na itakuwa na barua za kuonyesha kwa nini.

Siku ya kupiga kura, ajenda ianze na orodha ya wanachama walio chini ya miaka 23 na mbio ambazo kila mmoja anataka kufika. Kisha anayepinga apewe nafasi, aeleze ni njia gani nyingine itakayowafikisha huko. Akiitaja na ikaeleweka, klabu ibaki nje kwa amani. Akishindwa, katibu ajaze fomu kabla watu hawajatawanyika.